Skrini Iliyocheza Mbele ya Foleni

Wenzangu, watu wamenitapeli sana maishani, kwa hiyo siku hizi nikimshuku mtu simwachi. Safari hii nilimshuku Yohana, fundi aliyeniunganishia skrini kubwa kwenye laptop ya steshenari yangu hapa Mpwapwa. Picha ilikuwa inakatika-katika, hasa wateja wakijaa. Nilibadilisha waya, nikazima laptop, nikawasha, wapi!

Juzi dada mmoja alikuwa anatuma maombi ya kazi, siku ya mwisho, skrini ikaanza tena. Nikampigia Yohana na kumwita mwizi aliyenifungia skrini mbovu, foleni nzima ikisikia. Na Amosi wa duka la jirani sikumwacha, maana ndiye aliyemleta.

Yohana akaja, akachungulia chini ya meza nilipokaa.

“Shikamoo mzee. Hebu tuliza huo mguu.”

“Mguu wangu umekukosea nini?”

“Unautikisa mno. Goti linavuta waya wa skrini.”

Nikautuliza. Picha ikatulia tuli. Dada akatuma maombi yake, akashusha pumzi, kisha akanigeukia.

“Sasa baba, mwizi ni nani?”

Foleni nzima ikanitazama. Mguu ukaanza wenyewe, na skrini nayo ikaanza kucheza.