Setilaiti ya mwezini imenikuta Usenge

Leo nimeshangilia roketi mbele ya watu wasioupenda mwezi.

Niko nyumbani Usenge, kando ya ziwa. Mama na jirani yetu Mama Akinyi wamekaa kando ya nyavu za kuanikia omena. Mimi naangalia roketi ikiruka kwa simu. Nikapiga kelele, nikawaonyesha.

"Imebeba nini?" Mama akauliza.

Setilaiti ndogo tu, nikamwambia. Inaenda kujaribu njia ya kuuzunguka mwezi, ndio watu wafuate baadaye.

"Mwezi huu wetu?"

Huu huu.

Wakaangaliana.

(Kwa wale hamtoki kwa ziwa: omena, wale dagaa wadogo, huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa, maji yote yanang'aa na omena haifuati taa tena. Wiki hii umejaa. Nyavu za Mama hazina kitu.)

Mama Akinyi akasema, "Si uwaambie wakifika wauzime?"

Tukacheka sana.

Mama akaongeza, "Na huyu ndiye hunitumia picha za mwezi kutoka Nairobi. Eti ona vile unapendeza."

Haki, hiyo iliniingia. Watu wa ziwa, nyinyi huuita mzuri kweli?

Lakini Mama alikuwa bado kwa ile simu.

"Hiyo njia inapita mpaka nyuma yake?"

Inapita.

"Na huko nyuma kuna giza?"

Nikafikiria. Mwezi ukijaa kwetu, upande wake wa nyuma ni usiku.

"Ndio, Mama. Saa hii kuna giza."

Akanirudishia simu, akaangalia nyavu zake.

"Basi omena imehamia huko."