Mama Sheryl na Tanga la Mzungu

Nanjala, ambaye Kitengela nzima tulimwita Mama Sheryl, alikuwa fundi wa maturubai. Mimi niliuza nyuzi kibanda cha pili kutoka kwake, kwa hivyo nisikize mimi, si wale wa porojo. Alitoka Bungoma mwaka wa tisini na nne akimfuata mume wake, Wanyonyi, aliyeajiriwa kiwandani Athi River. Kiwanda kikapunguza watu, Wanyonyi akawa mmoja wao, na tangu hapo ni cherehani ya Mama Sheryl iliyosomesha watoto.

Wateja wake walikuwa madereva wa malori ya barabara ya Namanga. Aliyemletea wengi alikuwa Kimanzi, mwanaume wa maneno mengi, aliyemsifu kutoka Bisil hadi bandarini. Na Mama Sheryl alikuwa na desturi yake. Turubai likiisha analitandaza juu ya fremu ya mbao, anamwaga ndoo ya maji. Maji yakituama mahali, anafumua na kushona upya, hata dereva apige honi namna gani. Turubai la lori lazima likazwe, maji yateremke, upepo ukose pa kushika.

Basi mwaka wa elfu mbili na tatu Kimanzi akarudi kutoka pwani na kitambaa cheupe kigumu, kikubwa kuliko kibanda chenyewe. Tanga la boti! Mzungu mmoja, Henrik, alikuwa akizunguka dunia na mke wake, tanga likapasuka, wakatia nanga Mtwapa walitengeneze. Mafundi wa huko walikuwa na kazi nyingi, wakamwambia asubiri. Kimanzi, ambaye alikuwa ameshusha mizigo karibu, akajigamba: "Niko na mama Kitengela, huyo hashindwi."

Mama Sheryl alishona palipopasuka, vizuri kabisa. Lakini tanga lilikataa kulala. Katikati lilikuwa limelegea, na alipomwaga ndoo yake maji yote yakakimbilia hapo.

"Mama Kui, hebu ona hii aibu," akaniambia. "Aliyeshona hii alikuwa mlevi, haki ya Mungu."

Akakunja hapa, akakaza pale, hadi maji yakateremka yote. Mimi nikapiga makofi. Nilijua nini?

Kimanzi akalirudisha Mtwapa. Siku chache baadaye akapiga simu dukani kwangu akifoka. "Mwambie boti haiendi! Inasukumwa upande upande tu! Mzungu anauliza ni nani ameondoa tumbo la tanga lake. Alitaka kuondoka wiki hii, na pepo zikigeuka atakwama hapa miezi. Madereva nao wameshasikia, wanacheka!"

Nilipomwambia, Mama Sheryl aliketi kwenye gunia. Hilo la madereva ndilo lililomkata maini. Wakikucheka Namanga leo, kesho wanakucheka Illasit, na hakuna atakayekuletea turubai tena. Niliogopa kwa ajili yake, maana hapo nyumbani hakukuwa na mshahara mwingine.

"Sema lilitoka kwako likiwa sawa," nikamshauri.

"Wewe nawe! Nidanganye juu ya kitu nimeshona na mikono yangu?" Akafunga mkasi na sindano kwa leso. "Twende. Siwezi kwenda huko baharini peke yangu."

Nikafunga duka, nikilalamika njia nzima.

Henrik hakutupigia kelele. Alikuwa mwekundu usoni, akalivuta tanga juu ya mlingoti. Likasimama wima kama ubao wa darasa. Wakati huo boti nyingine ikapita, tanga lake limefura, inaenda mbio. Mama Sheryl akashika mdomo.

"Uuwi, Mama Kui! Ile imejaa kama mama wa miezi minane. Kumbe hapo ndipo upepo unakaa! Na mimi nimemshonea mlango."

Aliona aibu hadi akalia. Mimi pia nikalia, sijui kwa nini.

Bahati nzuri alikuwa amekunja tu, hakukata. Tukaketi gatini, yeye akifumua, mimi nikichomoa nyuzi, mke wa Henrik akituletea chai bila maziwa, ambayo niliinywa kwa heshima tu. Palipotobolewa na sindano akapiga kiraka chembamba. Alipomaliza akaanza kutafuta ndoo.

"Thubutu!" nikamwambia.

Henrik akavuta kamba. Tanga likajaa, pa! Boti ikainama, na Mama Sheryl akapiga nduru, "Litapasuka!" Halikupasuka. Henrik akacheka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Asubuhi yake wakaondoka, na sisi tukasimama pale tukiwapungia.

Kimanzi alikuja kutuchukua na lori. "Sasa, Mama Sheryl, madereva niwaambie nini? Naweza kusema mzungu ndiye hakujua kulifunga. Wataamini."

"Waambie nilikosea."

"Wote?"

"Wote. Halafu waambie nilikuja kufumua mwenyewe."