Niliulizia Tango kwa Mama Kabula

Jamani, leo nimeletewa matango kikapu kizima!

Mnajua mimi ni mgeni hapa Shinyanga. Tangu nishuke kwenye treni, ni kufunga mashine za kuchambua pamba na kurudi chumbani, basi.

Juzi nikasikia kuwa Jumamosi kuna onyesho la tango. Wachezaji wanatoka Mwanza, na baadaye wageni nao wataruhusiwa kucheza. Moyo uliniruka! Suti nikaipiga pasi, viatu nikaving'arisha.

Leo asubuhi nikamwuliza jirani yangu, Mama Kabula.

"Shikamoo mama. Eti tango liko wapi hapa mjini?"

"Marahaba. Tango? Ngoja."

Akarudi na kikapu.

Nilicheka mpaka machozi. Nikamweleza kwamba tango ninalolisema ni dansi: mwanamume na mwanamke wanashikana, wanafuata santuri kwa miguu. Naye akacheka.

"Mayo!" akashangaa kwa Kisukuma. "Sasa wewe utamshika nani?"

Hapo kicheko kikanikauka.

Nikamwambia kweli. Niliyekuwa nikimshika ni mke wangu, Zaina, na nilimzika Tanga kabla ya masika. Hapa hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari zake.

Mama Kabula akaketi kizingitini. "Nisimulie alivyokuwa akicheza."

Nikasimulia mpaka uji wake ukaungua jikoni.

Sasa amekwenda zake, na chumba kimekuwa kimya kuliko jana.

Niambieni, wenzangu. Ninyi mngekwenda, mkakae peke yenu mkitazama wanaoshikana?