Nilimtungia mume wangu mwisho wa kitabu, sasa anataka kurudi kwao

Admin, nifichie jina. Hata majina ya humu nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, niko kwenye ndoa mwaka wa kumi na nane, naishi Segese. Nina chumba cha kuazimisha vitabu jirani na karasha, pale wanaposaga mawe ya dhahabu. Sikupewa mtaji na mtu. Nilianza na maboksi mawili ya vitabu vya mitumba, leo nina vitabu mia tatu na ushee, riwaya na vile vya maisha ya watu. Riwaya za mapenzi zinatoka mara nne zaidi, lakini maisha ya watu ndiyo yanarudi kurasa zimechakaa, kwa hiyo najua kipi kinasomwa na kipi kinabebwa tu.

Msomaji simuulizi anataka kitabu gani, namuuliza kimempata nini. Mchimbaji aliyekosa mawe simpi maisha ya tajiri, nampa mapenzi yenye vituko. Aliyeachwa nampa upelelezi, akili yake ihangaike na mwizi. Wananiita Daktari.

Mwaka juzi mume wangu, nimwite Baba Kulwa, alifukiwa na kifusi ndani ya duara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Walimtoa mzima, ila kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna kitu. Hospitali walituambia tuzoee. Ndugu zake walikuja mwanzoni na kuku, baadaye zikawa simu, baadaye hata simu hakuna. Mimi ndiye namgeuza, namwosha, ndipo naenda kufungua chumba. Kazi hiyo siilalamikii.

Baba Kulwa aliishia darasa la pili akapelekwa kuchunga, kwa hiyo huwa namsomea. Maisha ya watu yote aliyanunia. Mtu anaanguka, anainuka, anajenga ghorofa. "Hawa wote walikuwa na miguu," akaniambia. Nikamtafutia cha dereva wa malori aliyevunjika uti wa mgongo. Hicho akakipenda mno. Ikifika jioni, "Mama Kulwa, mwenzangu leo kafikia wapi?"

Huwa napitia kurasa kabla ya kusoma kwa sauti. Nikakuta yule dereva hakuinuka tena. Alikufa kwa vidonda vya kulalia. Nikafunga kitabu nikatunga mwisho wangu: akachongewa magongo, akaanza hatua moja moja, akafungua duka la vipuri. Nilitunga vizuri jamani. Baba Kulwa akamwita seremala amfungie miti miwili kando ya kitanda, akawa anajivuta kwa mikono mpaka jasho linamchuruzika. Akaanza kula. Akaanza hata kunitania, "Kwenye duka letu wewe utakaa kaunta, mimi nitakuwa nagomba tu."

Kosa langu ni la kibiashara. Kitabu hicho nilikuwa na nakala mbili, na mimi siwezi kuona kitabu kimelala rafuni. Ya pili nikamwazima dada mmoja, karani wa pale karasha, aliyekuwa anauguza mama yake. Alipokirudisha alikileta nyumbani, akaingia kumjulia hali Baba Kulwa, akaiona nakala yetu kando ya kitanda.

"Shikamoo baba. Kumbe na wewe unasomewa cha yule dereva."

"Marahaba. Yule mwanaume wa shoka. Umeona alivyofungua duka?"

"Duka gani tena baba? Si alifia kitandani? Mimi nililia siku nzima."

Nilikuwa mlangoni na beseni la maji. Baba Kulwa hakunitazama. Yule dada alipoondoka akasema, "Kilete. Soma kilivyoandikwa."

Nikasoma neno kwa neno. Nilipomaliza akauliza, "Mke wake alisemaje?"

"Kitabu hakisemi."

"Kwani hakuwa na mke?"

"Alikuwa naye. Ametajwa siku ya harusi tu."

Akasema, "Kufa kila mtu anakufa. Kinachoniuma, wewe ulikuwa unajua, ukakaa hapo unaniangalia navuta miti."

Tangu siku hiyo miti haigusi. Chakula ni vijiko viwili, basi. Nikichukua kitabu kingine ananiuliza, "Huyo naye umeshamtengeneza?" Mwisho akaomba simu, akawapigia ndugu zake wamrudishe Ushirombo kwa baba yake. Kwao mgonjwa akiomba hivyo hazuiwi, na kila mtu anaelewa anaenda kufanya nini. Mama mkwe ni mzee, hawezi kumgeuza. Bila kugeuzwa vidonda havichukui muda, hesabu hiyo haihitaji daktari. Shemeji nilipomweleza akanijibu, "Shemeji, umemuuguza vya kutosha, umemdanganya vya kutosha. Jumamosi tunakuja na gari."

Nimeomba msamaha, anasema amenisamehe, na bado anataka kwenda. Nikimzuia nitakuwa nimemfungia ndani mtu mzima ambaye hata nikimwambia uji umepoa haniamini. Nikimwachia, nitakuwa nimempakia garini mimi mwenyewe akafe.

Leo ni Alhamisi. Nguo zake nimezifua na zimekauka, ila begi sijafunga. Ninyi mliouguza, na hasa wanaume mliowahi kulala kitandani muda mrefu, niambieni ukweli kama ulivyo. Nimwachie aende, au nisimame mlangoni?