Mstari Niliomkatia Mama

Kanisani kwetu Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, Jumapili ya kwanza ya mwaka hakuna anayekuja kusikiliza mahubiri. Watu wanakuja kuchukua neno. Kikapu kinawekwa mbele, ndani yake mna vikaratasi vilivyokunjwa, kila kimoja na mstari mmoja wa Biblia. Unapita, unafumba macho, unachukua chako. Hilo ndilo neno lako la mwaka mzima. Utalibandika ukutani, utaliombea, na mtu akikukuta njiani mwezi wa sita umenuna, atakuuliza neno lako linasemaje, nawe utamtajia.

Mwandishi wa vikaratasi hivyo nilikuwa mimi. Mwandiko wangu ni mzuri, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu katika jambo hili. Kwa miaka sita nilikaa mezani kila mwisho wa Desemba, Biblia upande mmoja, mkasi upande mwingine, nikichagua ahadi. Ahadi tu. Hukumu sikuandika, orodha za vizazi sikuandika, na manabii walipoanza kukaripia niliwaruka. Nani anataka kuishi mwaka mzima na karipio? Wazee wa kanisa walinisifu kwamba najua kuchagua.

Mwaka ninaousimulia, mama alichukua kikaratasi chake akaniletea pale nilipokaa, maana yeye hajui kusoma. Mama alizaliwa kwenye milima iliyo juu ya Ziwa Tanganyika, Kivu ya Kusini, na hajawahi kuisamehe Nakivale kwa kutokuwa huko. Maharage ya huku hayaivi. Mvua ya huku haina adabu. Hata kuku wa huku, kwa maneno yake, hawana akili. Nilikifungua nikauona mwandiko wangu. Ilikuwa ahadi kutoka kwenye ile barua ambayo nabii aliwaandikia watu waliohamishiwa Babeli, kwamba Mungu atawajia na kuwarudisha mahali walipotolewa. Nilianza kumsomea, nikasita katikati, nikamalizia kwa sauti ndogo.

"Soma tena," mama akasema.

Nikasoma tena. Akakichukua, akakifunga kwenye pindo la kitenge chake, na njia nzima ya kurudi nyumbani alilishika lile pindo.

Mwezi wa pili, watu walipokuwa wanatayarisha mashamba kungojea mvua za Machi, mama alimwita jirani yetu, mama mmoja Mrundi, Mkatoliki, mwenye watoto saba na bidii ya watu kumi. Akamwambia achukue shamba letu alilime msimu ule wote.

"Na ninyi mutakula nini?" jirani akauliza.

"Siye tutakuwa tumerudi," mama akajibu. "Siwezi kupanda kitu nitakiacha mu udongo. Mungu amesha kusema."

Jirani alinitazama mimi. Mimi nikatazama chini.

Shamba lenyewe ni kipande kidogo tulichoonyeshwa siku tulipofika, chenye mawe upande wa juu. Lakini chakula cha mgao kimepunguzwa na kupunguzwa tena, na asiye na maharage yake mwenyewe anaishi kwa huruma ya watu. Mimi nafundisha watoto wadogo asubuhi, na ninacholeta nyumbani hakitoshi wawili. Kutoa shamba ilikuwa kutoa chungu kilichoko jikoni. Ningeweza kumzuia siku ileile. Nilijiambia kwamba siwezi kushindana na imani ya mama, na nikajisikia mcha Mungu sana kwa kunyamaza.

Mwaka huohuo nilikuwa nimeanza kwenda mjini Mbarara, Jumamosi moja kila mwezi, kwenye masomo ya waalimu wa Biblia. Tulikutana katika chumba nyuma ya kanisa. Walikuwepo Wanyankore wengi, wenyeji wa pale, sisi wachache wa Nakivale, na wake wa askari kutoka kambi ya jeshi ya Makenke. Mwalimu alikuwa mwanajeshi mstaafu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kilichotengenezwa kwa ajili ya kutoa amri.

"Wewe nabeba mstari peke yake, nakimbia nayo kama mwizi!" alitufokea siku ya kwanza. "Simama! Uliza yeye kwanza. Natoka wapi? Nakwenda wapi? Nakaa na nani?"

Tulicheka, lakini nilijua anayeambiwa ni mimi na mkasi wangu. Biblia nilikuwa nimeizoea kama soko letu la Base Camp: unapita, unashika hiki, unaacha kile, unakwenda zako. Yeye alichora mstari mmoja mrefu ubaoni, kutoka bustani ya mwanzo mpaka mji wa mwisho, na kila mwezi tulisogea kidogo juu yake. Watu wanafukuzwa bustanini. Mzee mmoja anaambiwa aache kwao na hapewi ramani. Watoto wake wanakuwa watumwa ugenini, wanatolewa, wanapewa nchi, wanaipoteza. Wanarudi, na wale wazee walioikumbuka nyumba ya kwanza wanaiona misingi ya ile mpya na wanalia. Kisha anakuja Mwana wa Mungu mwenyewe, naye analala kwenye nyumba za watu.

Siwezi kueleza vizuri jambo hilo lilinifanya nini. Nimekulia mahali ambapo mtu ni namba kwenye karatasi ya mgao, na ghafla nikaona kwamba Mungu, tangu kurasa za kwanza, anatembea na watu waliotoka kwao. Niliona pia kwamba kurudi kwenyewe hakukuwatosha. Waliofika Yerusalemu waliendelea kutamani, kana kwamba nchi waliyoililia ilikuwa dirisha tu la nyingine. Hilo lilinifariji na kunitia hofu pamoja, maana mimi nilikuwa bado sijapata hata hilo dirisha. Nilitamani kwetu mpaka mifupa ikauma.

Mwezi wa nne mwalimu alifika Babeli. Alitusomesha barua yote, tangu salamu. Jengeni nyumba mkae. Pandeni bustani mle matunda yake. Ozeni watoto wenu. Uombeeni amani mji mlikopelekwa. Na kurudi kutakuwepo, lakini baada ya miaka sabini.

"Mtu mzima nasikia hii barua siku ile," mwalimu akauliza, "yeye narudi nyumbani?"

Akajijibu mwenyewe.

"Hapana. Nazikwa kule. Lakini barua ni yake pia, si ya mutoto yake tu." Akafuta chaki mikononi. "Na hawa manabii ya uongo, mnafikiri wao nasema uongo mingi? Kidogo tu. Nasema kurudi, ndiyo, Mungu narudisha nyinyi. Ile miaka tu ndiyo nakata."

Nikatazama mikono yangu juu ya meza. Kwa maana miaka ile iko ndani ya mstari uleule. Ndiyo inayouanza. Mkono wangu uliiruka na kuanzia katikati, na kwa miezi minne nilikuwa nikijiambia kwamba karatasi ilikuwa ndogo. Karatasi haikuwa ndogo. Ilibaki nafasi chini ya maandishi, ningeweza kuandika hata sala. Niliikata kwa sababu tulipokimbia nilikuwa na miaka tisa, na naikumbuka njia ya kwenda kisimani, na harufu ya mawese yakichemka kwa shangazi, na nilitaka sana mtu fulani akichukue kile kikaratasi akiamini kwa niaba yangu. Sikufikiri kwamba mtu huyo angekuwa mama.

Ilinichukua wiki tatu kumwambia. Katika wiki hizo maharage ya jirani yalichanua kwenye shamba letu, nasi tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na mboga za kuokota. Mama alikonda. Nguo zake zilikuwa zimekwisha kukunjwa ndani ya mfuko, na alikuwa akizitoa mfukoni kila asubuhi na kuzirudisha jioni. Kila nilipomwona akifunga ule mfuko, nilijichukia.

Jumapili moja baada ya ibada nilikaa naye mlangoni. Alikuwa anapukuchua mahindi ambayo jirani alimpa. Nikafungua barua nikamsomea kuanzia juu, nyumba, bustani, ndoa, amani ya mji. Nilipofika kwenye miaka niliweka kidole pale.

"Ni miaka makumi saba, mama," nikasema. "Imeandikwa hapa. Ni mimi niliikata. Karatasi ilikuwa na fasi. Niliikata tu."

Hakuacha kupukuchua. Kisha akaanza kusema maneno yaliyofuata, bila mimi kusoma, mstari baada ya mstari, kwa Kiswahili cha Biblia ya zamani ambacho siku hizi hukisikii. Kidole changu kilijaribu kumfuata kwenye ukurasa kikaachwa nyuma. Alisema mpaka mwisho wa ahadi, kisha akarudi nyuma kwenye ile sehemu kuhusu manabii wanaoota ndoto watu wanazozitaka. Hakukosea hata neno moja. Nikaifunga Biblia.

"Baba yangu alikuwa mwalimu wa kanisa," akasema. "Ile barua yote alitushikisha kwa kichwa, tuko batoto, tunapalia muhogo. Ile miaka ninaijua mbele wewe uzaliwe."

"Sasa juu ya nini ulimupa jirani shamba?"

Alipukuchua gunzi moja lote kabla ya kunijibu.

"Siku ile ulinisomea, niliona uso wako. Nikasema, kumbe na huyu mutoto anataka kurudi, na hajawahi kuniambia. Nikaogopa kukukatalia." Akatupa gunzi kando. "Na mimi pia. Nilitaka mwaka mumoja tu, niishi sawa mutu ambaye anaenda kwao. Mumoja tu. Niko na miaka makumi sita na kitu, mama yangu. Zile zingine nitazitoa wapi?"

Huwa ananiita mama yangu anaponibembeleza, tangu nikiwa mdogo. Nililia pale mlangoni bila haya, watu wakipita na nguo zao za kanisani. Nililia kwa ajili ya uongo wangu, lakini zaidi kwa ajili ya ile miaka kumi na minane tuliyokaa chumba kimoja, kila mmoja akimficha mwenzake hamu ileile.

Jirani alivuna mwezi wa sita, akatugawia bila kuombwa, akaturudishia shamba likiwa safi kuliko alivyolikuta. Mvua za Septemba zilipoanza tulipanda maharage na mahindi kama watu wote. Halafu mama akanituma kwa jirani tena, nikaombe machipukizi matatu ya mgomba. Sikuamini. Tangu tufike hakuwahi kupanda mgomba, kwa sababu ukishaupanda umekubali kuungojea, na watoto wake utawaachia watakaokuja.

Alichimba mashimo mwenyewe, akakataa msaada wangu. Akasimamisha wa kwanza, akaniambia niushike, akaanza kurudisha udongo kwa mikono. Alipofika kushindilia kwa mguu alilia, kwa sauti ya juu, kama wanavyolia wanawake wa kwetu wakati kaburi linafukiwa. Jirani alisimama upande wa pili wa shamba akafanya ishara ya msalaba. Mimi niliushika ule mgomba usilale, mpaka mama akamaliza, akasogea kwenye shimo la pili.