Fremu Iliyokataa Kuingia Kompyutani

Fremu ya mama yangu ni pana kama meza ya chakula ya watu wanne, na chini ya kioo chake kimoja zimebanana picha arobaini na mbili. Ndivyo zilivyofanya familia nyingi tulizoishi nazo ukimbizini Bujumbura: albamu ilikuwa ya kufungiwa kabatini, fremu ilikuwa ya kila anayeingia sebuleni. Picha ndogo ndogo zilibandikwa kwenye kadibodi moja, waliokufa pamoja na walio hai, maharusi pamoja na watoto wa komunyo ya kwanza, kisha kioo kikafungwa na hakuna aliyekifungua tena. Tuliporudi Rwanda fremu ilisafiri katikati ya magodoro. Godoro moja lilipotea njiani, lakini fremu ilifika salama.

Siku hizi imetundikwa kwangu, Kagarama hapa Kigali, na mwaka jana nilianza kuihofia. Unyevu ulikuwa umeingia kwa upande wa juu, na mama alikuwa na mtoto wa jicho kwenye jicho la kushoto, la kulia likielekea huko huko. Yeye peke yake ndiye anayejua watu wa mle ndani ni akina nani. Mimi nawajua kumi, kumi na mmoja nikibahatisha. Nilitaka kila uso upate jina lake kabla mama hajashindwa kuuona, na jambo hilo lilinikosesha raha kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Nilianzia Gisozi, kwenye karakana za Agakiriro, kwa fundi seremala aliyewahi kunitengenezea kabati. Aliilaza fremu juu ya benchi, akagonga kioo kwa ukucha, akainama kuitazama kwa ubavu.

"Mama, hii picha zimekamata kioo," alisema. "Tukifungua, sura zitabaki ku kioo, wewe utabaki na karatasi nyeupe."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Urudishe nyumbani. Mimi natengenezaga viti."

Nilicheka, nikairudisha. Nikaisimamisha uani penye kivuli, nikatundika kitenge cheusi nyuma yangu ili nisijione kwenye kioo, nikaipiga picha kipande kwa kipande. Kisha nikaviunganisha vipande kwenye kompyuta vikawa picha moja kubwa, safi mno, hata vifungo vya mashati vilihesabika. Nilijisifu kwa sauti, na nilikuwa peke yangu.

Nikaitia kwenye programu ya kupangia picha, ile ambayo ndugu zangu wote wanaifungua kwenye simu zao, na ambayo inakuruhusu kuandika jina chini ya kila uso. Ikakataa. Picha ni kubwa kupita kiasi, ilisema, punguza ukubwa. Nikapunguza, ikaipokea, lakini nyuso zikawa punje za mtama. Nikaongeza kidogo, ikakataa tena. Mimi si mtu wa kushindwa na mashine kimya kimya. Niliitukana kwa Kirundi, lugha ninayoitunzia kazi hiyo, na haikusaidia kitu. Mwishowe nikafanya kama anayepitisha kitanda kwenye mlango mwembamba: nikakifungua. Kila picha nikaikata peke yake, mafaili arobaini na mawili, na yote yakaingia bila neno.

Jumapili, baada ya misa, nikamkalisha mama mbele ya kompyuta. Nikakuza uso wa kwanza. Aliutazama muda mrefu.

"Simujui huyu," alisema.

Wa pili hakumjua. Wa tatu alisema ni mjomba wake, kisha akajirudi. Nilidhani nimechelewa, na kwamba si macho tu yaliyokuwa yanamwacha.

"Alikuwa karibu na nani?" aliniuliza.

"Wapi, mama?"

"Mule ku fremu. Mtu mumemutoa kwa watu yake, mimi nitamujua namna gani?"

Ndipo nilipouona upumbavu wangu. Mama hakubandika picha zile ovyo. Mjane alikaa kati ya dada zake, na shemeji wawili waliogombana walitenganishwa na ubatizo mzima. Nikakata upya, safu kwa safu, kila kipande kikimchukua mtu pamoja na majirani wake wa kushoto na wa kulia, hata kama mtu mmoja angetokea mara mbili. Vikawa vipande kumi na viwili, na programu ikavimeza vyote.

Jumapili iliyofuata mama alitiririka. Huyu aliuza samaki wa ndagala sokoni. Huyu alimuoa yule haraka haraka, na usiandike kwa nini. Mimi nilikuwa nachapa tu, nina furaha hadi chai ikapoa.

Kwenye kipande cha mwisho akaweka kidole pembeni mwa skrini.

"Na dada yangu iko wapi?"

"Dada yako yupi?"

"Mama yako mukubwa. Hapa chini, pembeni."

"Mama, pale ni kadibodi tupu. Nilipaondoa ili faili liwe dogo."

Mama mkubwa ndiye aliyemlea mama. Alifia Bujumbura nikiwa mdogo, kabla hatujarudi, na ninachokumbuka ni viganja vyake na kikohozi chake tu. Nilijua hatuna picha yake, nilidhani zilipotea. Kumbe, mama alinieleza, hakupigwa hata moja. Kila alipokuja mpiga picha, yeye aliingia jikoni.

"Alisemaga, mimi nitapiga picha nikifika kwetu Rwanda," mama alisema. "Akaniambia, uniachie nafasi. Nikamuachia."

Maisha yangu yote nimepita mbele ya kona ile nikidhani mama aliishiwa picha. Niliona aibu, aibu ya kweli, na wala hakunikaripia.

Asubuhi ya pili yake niliitoa fremu uani tena, nikatundika kitenge changu, nikaipiga picha kona ile peke yake. Ilikuwa kadibodi ya kahawia, kavu, unyevu haujaifikia. Faili lake lilikuwa dogo kuliko yote, likaingia papo hapo. Programu haikuona uso wa kuuliza jina, kwa hiyo jina nililiandika mwenyewe, nikimsomea mama herufi kwa herufi.

"Umemupigia wapi?" aliuliza.

"Hapo uani."

"Hapa Kigali?"

"Hapa Kigali, mama."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge chake, akacheka kidogo.

"Basi alisema kweli."