Kiraka Kwenye Kanzu Mpya

Vijana wakikaa kubishana kama tajiri mwenye siasa zake anaweza kumjua mtu anayekula kwa jasho, mimi hunyamaza. Si kwamba sina la kusema. Ninalo, ila ni la aibu, na nusu ya aibu hiyo ni yangu mwenyewe.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi cherehani Tanga mjini. Nilishonea barazani mwa duka la vitambaa pamoja na mafundi wenzangu, kila mmoja na cherehani yake, mgongo ukutani na uso barabarani. Mwenye duka, Mhindi mmoja mtaratibu, hakututoza kitu. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nacho, akatukuta nje. Baraza lile ndilo lililokuwa riziki yangu yote. Watu waliniona nikishona, na mimi niliona ninachokishona, maana uzi mweusi juu ya kaniki haushoneki gizani.

Mwaka mmoja baraza la mji likaandika barua. Lugha yetu ina mzaha wake: baraza lilitaka kututoa barazani. Walisema tunawazibia njia waenda kwa miguu, na shauri letu lingekatwa kwenye mkutano wao unaofuata. Mke wangu alikuwa ananyonyesha mtoto wa pili. Ningelikosa baraza lile ningerudi Maramba kwa ndugu zangu kulima, na mikono yangu ilikuwa imelisahau jembe siku nyingi.

Mmoja wa wajumbe wa baraza hilo alikuwa bwana mwenye mashamba ya minazi na nyumba za kupangisha. Mtu wa pwani kama sisi, mwenye salamu nzuri. Wakati huo alikuwa anagombea pia kuingia kwenye lile Baraza kubwa la Dar es Salaam la kutunga sheria. Hilo ni baraza la tatu sasa, na mimi nilikuwa nalililia moja tu, la saruji. Wachukuzi wa bandarini na watu wa aina yangu wengi hatukuwa na kura siku zile, maana walitaka mtu mwenye kisomo au kipato au cheo. Hata hivyo bwana yule alitaka tumseme vizuri, kwa kuwa mwenye kura naye ana majirani.

Asubuhi moja gari lake likasimama mbele yangu. Nikainuka haraka hata kidonge cha uzi kikaanguka.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, fundi. Hujambo? Watoto wazima?"

Alinunua kitambaa cheupe cha marekani dukani, akatoka, akanikabidhi. "Nishonee kanzu ya hii. Usitie tarizi. Halafu hapa begani unitilie kiraka."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kiraka, bwana? Kitambaa si kizima hiki?"

"Kizima, najua. Wewe kitoboe, kisha ukitilie kiraka. Nina mkutano Nguvumali Jumapili. Nataka wanione mwenzao, wasinione bwana mkubwa."

Alisema kwa moyo mweupe, na hilo nitaliapia popote. Hakuwa mtu wa kejeli. Alidhani kweli kwamba hivyo ndivyo mtu anavyomsogelea maskini.

Sasa niseme nilichokijua mimi. Wiki ile ile kazi nyingi mezani kwangu ilikuwa ya watu wa Nguvumali, mtaa wa wachukuzi. Walikuwa wananiletea kanzu zao za Ijumaa ili wakamsikilize yeye. Mchukuzi mmoja alileta ya kwake ina mtatuko chini ya kwapa, akaniambia, "Fundi, ufiche. Mtu akiuona, sikulipi." Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu mjini: nilikuwa naweza kuufunga mtatuko usionekane hata na aliyeuchana. Maskini hamwonyeshi mtu kiraka. Akiwa nacho, atageuka ubavu mwingine.

Ningemwambia. Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini nilikumbuka ile barua ya baraza, nikaona huyu ni mmoja wa watakaonikatia shauri, na mtu hamsahihishi hakimu wake. Tena nikubali na hili: kulikuwa na kijishetani ndani yangu kilichotaka kuona itakuwaje. Nikasema, "Vyema, bwana." Alipoondoka nikatia mkasi kwenye kitambaa kipya nikakitoboa. Nilijisikia vibaya. Sijawahi kutoboa nguo nzima kabla ya siku ile wala baada yake.

Jumapili baada ya alasiri nikaenda Nguvumali. Uwanja mzima ulikuwa mweupe. Watu ambao siku zote nawaona vifua wazi, magunia mabegani, walikuwa wamesimama katika kanzu zilizotiwa buluu ya kufulia zing'ae na kupigwa pasi ya mkaa hata mikunjo inasimama. Wanawake walikuwa upande wao na mabuibui yao mazuri. Gari likafika, bwana akateremka, na katika umati wote ule kiraka kilichoonekana kilikuwa kimoja, cha mtu mwenye gari.

Bibi mmoja mbele yangu akamshika mwenzake mkono. "Yarabi! Kimemfika nini?"

"Kafilisika huyo," mwenzake akanong'ona. "Masikini roho yake. Na watoto wale wote."

Neno likatembea. Kabla hajafungua kinywa, nusu ya uwanja ilikuwa inamwonea huruma na nusu inakunja uso. Mimi nilikuwa natazama chini, nacheka na huku naona haya. Akaanza kuhutubia. Akasema yeye ni mwenzetu, anazijua shida zetu, akajigusa bega pale penye kiraka. Ndipo yule mchukuzi aliyenipa kazi ya kwapa akanyanyua mkono.

"Shikamoo, bwana. Nauliza tu, uniwie radhi. Sisi tumekuja kwako na nguo ya Ijumaa. Wewe kwetu umekuja na kiraka. Tumekukosea nini?"

Hakukuwa na kelele wala kicheko. Walimngoja tu ajibu, kwa adabu, na adabu ile ilikuwa nzito kuliko matusi. Bwana alitazama kanzu zetu kama ndiyo kwanza anaziona. Akasema, "Sikukusudia," akamaliza hotuba yake kwa maneno machache, akaondoka.

Kesho yake asubuhi akaja kwangu kwa miguu, kanzu mkononi ndani ya gazeti. Akakaa kwenye kibao cha wateja, jambo ambalo hajalifanya hata siku moja.

"Fundi, ulijua?"

"Nilijua, bwana."

"Ukaniacha nikaaibike."

Alisema polepole, bila hasira. Laiti angenikaripia ningepata pa kujitetea. Nikamwambia niliogopa, kwa sababu ya ile barua. Akageuka kutazama watu wanavyopita. Wapitaji walikuwa wanapinda kidogo kwenye cherehani zetu, wanatusalimu, wanaendelea na safari zao. Nikaona, au nilidhani naona, kwamba mtu huyu leo anasikia. Mafundi wenzangu walikuwa wamesimamisha cherehani zao zote. Wao walinituma siku nyingi: ukimpata, mwambie habari ya mwanga. Mke wangu naye alikuwa akiniambia kila ninapotoka nyumbani, mwanga na wateja, hayo mawili tu, usichanganye na mengine.

Kisha akaniuliza. Kwa kinywa chake akaniuliza: "Na hili la baraza, ninyi wenyewe mnataka nini?"

Nikainamisha kichwa nikajibu, "Utakavyoona wewe, bwana."

Msomaji wa pwani ananielewa. Kwetu mtu mzima akikuuliza haja yako hutakiwi kujibu pale pale kama mtu anayenadi samaki sokoni. Unamrudishia heshima kwanza. Naye anasema, "Hapana, sema wewe," ndipo unasema. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na nilikuwa na maneno yangu tayari kinywani, nangoja mara ya pili.

Mara ya pili haikuja. Bwana aliitikia kwa kichwa taratibu, akasema, "Haya, nimesikia," akanipa mkono. Mpaka leo najiuliza ilikuwaje, kwa sababu naye amezaliwa hapa hapa na kulelewa na bibi zetu hawa hawa. Nadhani nyumbani kwake, mashambani kwake na kwa wapangaji wake, kila mtu humjibu utakavyoona bwana, na hakuna anayengoja kuulizwa tena. Kwa miaka mingi amelipokea neno lile kuwa ndilo jibu. Amesahau kwamba ni salamu tu.

Baada ya mkutano wao alirudi akiwa na furaha ya kweli usoni. Alikuwa amesimama mbele ya wajumbe akatutetea, alisema, na karani wa baraza alinithibitishia baadaye kwamba alitutetea kwa nguvu zake zote. Wengine walitaka tufukuzwe tu. Yeye akatupatia chumba nyuma ya soko, chenye bati, kuta nne na mlango wa kufuli. "Hamtanyeshewa tena," aliniambia, "wala hamtavuta vumbi la magari."

Nikasema, "Ahsante, bwana. Mungu akuzidishie." Sijui ningesema nini kingine. Angetaka ushahidi kwamba tumeridhika, mimi ndiye niliyempa.

Tulihamia. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo lililoelekea ukuta wa ghala. Kutunga uzi sindanoni nilikuwa natoka nje mlangoni, kisha narudi ndani. Mteja wa kupita hakuwepo, kwa sababu hapakuwa na wapitaji. Mwenye kitambaa alikinunua mtaa wa pili, na akikutana na fundi mwingine njiani hakuwa na sababu ya kututafuta. Wenzangu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, mmoja akaenda kukata mkonge. Mimi nikafunga cherehani yangu kwenye gunia, nikaileta nyumbani.

Mke wangu alikuwa anakuna nazi uani. Nikaketi kizingitini nikaanza kumlaani bwana yule, na matajiri wote, na siasa zao. Nikasema hawa hawawezi kutujua, hawana habari na sisi, wala hawaulizi.

Akaacha kukuna. "Hakukuuliza?"

Ningeweza kudanganya. "Aliniuliza," nikasema.

"Wewe ukamwambia nini?"

Nikamwambia neno kwa neno. Akanitazama, nazi vidoleni, na machozi yakamlengalenga.

"Baba watoto," akasema, "mimi ningemjibu."